Mwanamke Aliyechoma Majina ya Klabu

STOCKHOLM, Sweden

Saa mbili asubuhi, Jumanne, mwezi wa Januari. Taa za barabarani bado zinawaka, maana jua la huku halina haraka. Katika ukumbi wa chakula wa hoteli moja katikati ya jiji, mwanamke mwembamba mwenye aproni nyeupe anatandika meza za watu sitini na sita. Uma kushoto, kisu kulia, kijiko juu ya sahani. Kila mlango unapofunguka mkono wake unasimama hewani mpaka aone ni nani anayeingia.

Safari hii anayeingia ni mwandishi wa habari hizi. Ameshika daftari, kosa la kwanza. Anasalimia kwa Kiswahili, kosa la pili. Mwanamke anarudi nyuma hatua mbili na kuiacha meza iwe katikati yao.

"Nani kakutuma?" anauliza.

Anapotajiwa jina la Domina, rafiki yake kutoka Bukoba ambaye ni muuguzi na anaishi Jakobsberg, mabega yanashuka kidogo. Hayashuki yote. Anaomba siku mbili za kufikiri, na siku ya tatu anakuja na jibu lake. Yake yote tuandike, hata jina lake. La mtoto wake tusiliandike.

Basi mtoto huyu tutamwita mtoto. Ni msichana wa miaka kumi na miwili, yuko Uganda, na mama yake hajamwona tangu akiwa na miaka minne. Wala hajui, asubuhi hii anayotandika meza, kama bado yu hai.

Mama anaitwa Teopista Namubiru. Ana miaka thelathini na minane na anakaa Vårby gård, ghorofa ya sita, safari ya karibu nusu saa kwa treni ya chini ya ardhi. Mshahara wake ni kroni elfu nne na mia mbili kwa mwezi, kabla serikali haijachukua chake. Kazi aliyoandikiwa ni kutandika na kuhudumu. Lakini kila Jumanne ana kazi nyingine ambayo haimo kwenye mkataba wowote: yeye ndiye mtunza kadi.

Kadi zenyewe ni za klabu. Msomaji atakuwa amewahi kuziona klabu hizi za huduma, hata Nairobi, Dar es Salaam na Kampala zipo. Madaktari, mawakili na wenye maduka wanakula pamoja mara moja kwa juma, wanagonga kengele, wanachangia kisima au miwani ya wasioona vizuri. Mwanachama akisafiri, anakaribishwa mezani na klabu ya mji wowote duniani. Hii ya Stockholm imetuomba tusiitaje jina, na mtaona kwamba haikuanza kuogopa jana.

Kila mwanachama ana kadi yenye jina lake, inawekwa mezani ili watu wabadilishe majirani. Kwingineko kadi na daftari la wanachama hukaa ofisini kwa katibu. Hapa daftari halipo kabisa. Majina yako kwenye kadi tu, na kadi zinakaa jikoni, kwenye droo ya mwisho, chini ya taulo za kufutia vyombo. Pamoja nazo kuna kibiriti.

Sababu anaijua Severin, katibu wa klabu, mzee wa miaka sabini na mitatu anayesikia kwa sikio moja. Anaongea taratibu, Namubiru akitafsiri palipo pagumu.

"Kabla ya vita tulikuwa watu wa kula," anasema Severin. "Mmoja anauza mbao, mwingine anauza bima. Tunakula samaki, tunapeana wateja, tunarudi kazini."

Ujerumani klabu za namna hii zilifungwa hata kabla ya bunduki kulia. Watu wa Stockholm walisikitika, wakaendelea na samaki wao. Kisha ikaja tarehe tisa Aprili mwaka 1940, majirani wao Norwei na Denmaki wakavamiwa kwa siku moja. Severin anasimulia habari za mji mmoja mdogo ng'ambo ya mpaka, ambako askari hawakuhitaji kumuuliza mtu. Walilikuta daftari mezani kwa katibu, majina na anwani, limepangwa vizuri. Wakapita mlango kwa mlango kwa kufuata alfabeti.

Waliowahi kutoroka walivuka theluji kwa miguu. Walipofika Stockholm walikwenda mahali pekee walipopajua, kwenye meza ya klabu. Wale wauza mbao na bima wakajikuta wanatafuta viatu, vitanda, daktari wa vidole vilivyoganda. Baadaye wakaja watoto wa Ufini, maelfu kwa maelfu, kwa meli na kwa treni, kila mmoja ana kibandiko cha jina shingoni. Severin, wakati huo kijana, alikuwa akiwapokea stesheni.

Klabu yao ilikuwa na watu ishirini na wanane vita vilipoanza. Vilipokwisha walikuwa sabini na moja, maana kila mwenye mikono alitaka mahali pa kuipeleka. Na wale wageni waliolishwa waliporudi kwao walifungua klabu zao, na hizo zikafungua nyingine, mpaka zikavuka bahari na kufika kwetu.

"Vita vilitaka kutumaliza, vikatuzalisha," anasema Severin. Anasema hivyo bila kucheka.

Ila hofu nayo ilizaa. Mwaka ule 1940 wanachama waliamini kwamba zamu ya Sweden imefika. Wakaamua daftari lichomwe, majina yaandikwe kwenye kadi, na kadi apewe yule mama aliyekuwa akiwatandikia meza. Nani atapekua mataulo ya jikoni? Amri yake ilikuwa moja: wakija, choma. Wavamizi hawakuja, lakini desturi ikabaki. Kila tarehe tisa Aprili katibu huleta kibiriti kipya na kuchukua cha zamani. Namubiru ni mtunza kadi wa nne. Kabla yake hakuna aliyewahi kuwasha hata njiti moja.

Alipoelezwa haya mwaka 1982, mpishi aliyekuwa karibu alicheka. Wazee na mambo yao! Namubiru hakucheka. Alifungua droo, akakitikisa kile kibiriti kusikia kama kina njiti, akafunga.

Mume wake, Ignatius, alikuwa mhudumu wa hoteli Kampala. Ndiye aliyemfundisha kutandika meza ya klabu, maana kila Alhamisi alikuwa akiitandikia klabu ya kule, na wakati huo klabu ya namna hii Kampala ilikuwa hiyo moja tu. Alhamisi moja ya mwaka 1977 wanajeshi waliingia hotelini wakitaka majina ya wanaokula pale. Jioni Ignatius hakurudi nyumbani. Wala kesho yake. Nini alichosema, wapi walikompeleka, Namubiru hakuambiwa na mtu, kwa kuwa waliokuwepo walikuwa wametawanyika kama kuku walioona mwewe.

Siku ya tatu jirani alipita akamnong'oneza kwamba kuna watu wanamuulizia mke wa mhudumu. Mtoto alikuwa na miaka minne. Namubiru alimwacha kwa bibi yake, akaahidi kurudi baada ya wiki mbili, akavuka mpaka wa Mutukula akiwa na kikapu cha ndizi kichwani ili aonekane muuza soko.

"Wiki mbili," anarudia, na kuiweka sawa leso ambayo tayari iko sawa.

Hapa kuna jambo ambalo msomaji wa Kiswahili inabidi alimeze kwanza. Sisi lugha hii tumelelewa nayo. Kwa Namubiru, aliyelelewa kwa Kiganda, Kiswahili kilikuwa lugha ya mtu mwenye bunduki kwenye kizuizi cha barabarani. Shuka. Fungua. Unatoka wapi? Majina yako wapi? Kiswahili cha pole na karibu alikipata Bukoba, nyumbani kwa mama yake Domina, aliyempokea bila kumuuliza kitu mpaka alipomaliza kula. Anasema alichukua mwezi mzima kuamini kwamba ni lugha ile ile.

Mwaka uliofuata vita vilimkuta Kagera kwenyewe, akakimbilia Mwanza. Wakati huo Domina, aliyekuwa ametangulia Sweden kusomea uuguzi, alihangaika na makaratasi mpaka rafiki yake akapokewa kama mkimbizi. Alifika Februari 1979. Aprili utawala wa kwao ukaanguka, naye akafungasha sanduku siku hiyo hiyo. Domina akamwambia angoje kidogo aone hali. Kidogo hicho kikazaa vita vingine, safari hii vya msituni, na kijiji cha mama yake kikawa katikati ya moto.

Bibi na mjukuu walihama mara nne. Barua zilikuja kwa mikono ya watu, hazina anwani wala sahihi. Mwaka jana mwanzoni ikaja moja yenye kusema walikojificha. Namubiru aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena, akaichana vipande na kuvimwaga chooni. Hilo ndilo jambo la siri kuliko yote aliyonayo, naye aliliweka kichwani mwake peke yake.

Severin ndiye aliyeanza kumsumbua. Klabu ziko kila mahali, alimwambia, Stockholm itaiandikia Nairobi, Nairobi itaongea na Kampala, mtoto atatolewa. Kinachotakiwa ni jina na mahali tu. Ni kitu kidogo sana.

Kidogo! Namubiru anasema aliposikia hivyo alimwacha mzee akiongea, akaenda kukaa kwenye ghala la vitambaa. Jina na mahali ndivyo vitu wanajeshi walivyovitaka kwa Ignatius. Barua inafunguliwa njiani. Katibu anaweka nakala. Nakala inakuwa na karani, na karani ana shemeji jeshini. Alikataa Juni, akakataa Agosti.

Aliyemgeuza ni Domina, jikoni kwake Jakobsberg, huku watoto wake wakimjibu Kiswidi kila alipowauliza kwa Kiswahili. Namubiru alikuwa akiwaangalia kwa wivu, maana hata kama ni kwa Kiswidi, angalau wanajibu.

"Mficha uchi hazai, Teo," Domina alimwambia. "Utamficha huyu mtoto mpaka lini? Mpaka umfiche na kaburi?"

Oktoba alikubali nusu. Aliandika kadi moja kwa mkono wake: jina, umri, mahali. Akaichomeka katikati ya zile sitini na sita na kumwambia Severin ipo, lakini haitoki kwenye droo mpaka yeye mwenyewe aseme. Severin akaheshimu. Ila kimya kimya, bila kumwambia, aliiandikia Kampala barua fupi, na kwa mazoea ya vita hakutaja jina la mtu wala nchi anakotoka. Aliandika tu kwamba mtunza kadi wao ni mtu wa pande za huko, anasema Kiswahili, ana jambo la mtoto. Kama kuna mwanachama anayepita Stockholm, aonane naye.

Mzee yule hakutaka kumpa mama matumaini ya bure. Nia njema kabisa, na nusura imfungie mtoto njia ya kutoka.

Jumanne ya tarehe ishirini Novemba, saa nne na nusu, Namubiru anaweka glasi. Mlango unafunguka. Anaingia mwanamume Mwafrika, mzee kiasi, suti ya kijivu, viatu vinang'aa, beji ya klabu kwenye kola. Amewahi saa nzima. Anaangalia ukumbi, haoni mtu mwingine, anamfuata moja kwa moja. Na kwa kuwa ameambiwa mwenyeji wake anasema Kiswahili, anajitahidi kumstahi kwa lugha hiyo, kwa lafudhi ya Kampala.

"Habari, dada. Wewe ndiye unayetunza majina? Yako wapi?"

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na huyu hakuona unyasi, alisikia ulimi ule ule wa nyoka. Namubiru anasema hakupiga kelele wala hakukimbia. Aliinamisha kichwa kwa adabu, akasema anakwenda kumletea mgeni maji. Akaingia jikoni. Akafungua droo, akatoa kadi zote, akaziweka kwenye sufuria kubwa ya supu, akawasha njiti. Ya kwanza ilikatika. Ya pili ikashika.

Nyingine zilikuwa kadi za miaka arobaini, za wazee waliokwisha kufa, ambazo klabu ilizihifadhi kwa heshima. Karatasi nene, hazikutaka kuungua. Alizikoroga kwa mwiko kama mtu anayesonga ugali, moshi ukamjaa puani, mpishi akaanza kufoka kwamba ataita zimamoto. Ile ya mwanawe aliiona inajikunja pembeni, jina likawa jeusi kabla ya karatasi. Hakuitoa.

Severin alipofika akifuata harufu, alimkuta ameketi sakafuni, amekumbatia sufuria kwa taulo. Alichosema wakati huo Namubiru hajakisahau, kwa sababu alitegemea kufukuzwa kazi.

"Wamekuja?" mzee aliuliza.

"Mmoja," alijibu. "Yuko ukumbini."

Severin alichungulia. Kisha akavuta kiti, akaketi, akashika kichwa. Ikabidi aeleze yote, barua aliyoandika na jibu alilopata. Yule aliyeko ukumbini ni Erukana Mukasa, mfamasia wa Kampala, mwanachama wa klabu ya kule, amekuja Ulaya kwa mkutano wa chanjo. Amepita Stockholm kwa ajili ya mtoto. Alhamisi anapanda ndege kurudi.

Mtu angedhani Namubiru angefurahi. Hata! Alisema afadhali kadi imeungua, afadhali kila mtu aende zake. Yeye hamjui mtu huyo, na beji inanunuliwa dukani. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, naye kilio alishakipata cha kumtosha.

Wanachama sitini na kitu walikula mchana huo bila kadi, wakikaa ovyo ovyo, hakuna aliyelalamika. Baada ya chakula Severin aliwaweka wawili hao chumba cha kando. Yeye mwenyewe akaketi mlangoni. Mzee Mukasa alikuwa amekwisha kuelewa kosa lake, akahamia Kiganda, akaomba radhi kama mtu aliyekanyaga mtoto. Namubiru alipiga magoti kumsalimu kama desturi inavyotaka, akamwita ssebo, yaani bwana.

Aliyeanza habari yenyewe alikuwa Severin, kutoka pale mlangoni. Alisema zamani stesheni alimpokea msichana wa Kifini, miaka mitano hivi, ambaye kibandiko chake cha shingoni kilikuwa kimekatika njiani. Hakujua kusema jina la ukoo wake wala la kijiji. Vita vilikwisha, wenzake wakarudishwa kwao, yeye hakuwa na pa kurudishwa. Ilichukua miaka tisa kumpata mama yake, na walipokutana hawakuwa na lugha ya kuongea.

"Tulijifunza kuchoma," alisema Severin. "Hilo la kuandika tulijifunza tukiwa tumechelewa."

Mzee Mukasa alikuwa akimtazama Namubiru kwa muda. Alimuuliza alijifunzia wapi kuweka kijiko juu ya sahani kikiwa kimeelekea kushoto, kwa sababu amekula kwenye klabu za miji kumi na miwili na hajaona kijiko hivyo ila pahali pamoja. Namubiru akajibu kwamba alifundishwa na mumewe. Mumewe nani? Ignatius. Mzee akavua miwani.

Alikuwepo Alhamisi ile. Alikuwa amejibanza nyuma ya mlango wa stoo ya vinywaji, na aliyemsukuma mle ndani ni Ignatius. Alisikia wanajeshi wakimwuliza majina, wakamwekea daftari la klabu mbele awasomee na kuwaonyesha nani ni nani na anakaa wapi. Ignatius akawaambia hajui kusoma, yeye ni wa kubeba sahani tu. Na hali kila asubuhi ndiye aliyewasomea gazeti jiko zima! Wakampiga, akarudia hilo hilo. Mwisho wakamchukua yeye pamoja na daftari, lakini zile dakika ziliwatosha watu wengi kupitia dirishani.

"Nnyabo, mimi ninapumua kwa sababu mumeo alisema hajui kusoma," alisema Mzee Mukasa, akimwita mama kwa heshima ya Kiganda. "Sikuja na kalamu. Niambie sikioni."

Severin anakumbuka saa ya ukutani ilivyokuwa ikigonga. Kisha mama akasogea kwa magoti, akamnong'oneza jina na mahali. Mzee akayarudia kwa sauti ndogo mara tatu, mpaka akayashika. Hawakuandika popote.

Ndiyo hali aliyomo Januari hii tunapoongea naye. Wiki tisa zimepita tangu Mzee Mukasa apande ndege, hakuna barua, hakuna simu. Redio inasema barabara za Uganda zina vizuizi vipya. Namubiru amepungua kilo saba. Anatandika meza akiwa na kadi mpya, zilizoandikwa upya na wanachama wenyewe kwa mikono yao, na kila mlango unapofunguka anasimama. Anaogopa atakayeingia awe Mzee Mukasa peke yake. Anaogopa zaidi asiingie mtu kabisa.

Jambo moja linamla kuliko yote. Analisema akiwa amegeukia dirisha.

"Ignatius alikufa kwa kukataa kutaja majina ya watu wazima, wenye mali zao na magari yao. Mimi nilitaja moja tu, na nilitaja la mwanangu."

Februari simu ya hotelini ililia, ikasikika sauti ya mbali kama ya mtu kwenye pipa, ikakatika. Namubiru alikaa karibu na simu ile siku tatu, akibadilishana zamu na wenzake. Haikulia tena. Machi alianza kusahau agizo la mteja kabla hajafika jikoni. Domina alikuwa akimfuata Vårby gård kila Jumapili na chungu cha ndizi, akimlazimisha ale mbele yake.

Tarehe tisa Aprili Severin alileta kibiriti kipya, kama kawaida. Alipokitoa mfukoni alikitikisa mara tatu kusikia kama kina njiti, na Namubiru aliona kwamba mzee naye anaogopa, kwamba ameogopa siku zote hizo na alikuwa akimficha. Anasema siku ile ndiyo aliyolia, baada ya miaka minane.

Mei, tarehe kumi na nne, ilikuja simu ya maandishi kutoka Nairobi kwa katibu wa klabu. Haikuwa na jina la mtu. Ilisema mzigo umevuka salama Busia, mbebaji mzima, bibi amebaki kwa hiari yake. Walipojificha hatutapaandika hata leo, kwa sababu huyo bibi bado yuko pale pale. Alimwambia Mzee Mukasa kwamba miguu yake imekataa kuhama mara ya tano.

Furaha? Ilikuwepo, lakini hofu ilikataa kuhama. Kulikuwa na makaratasi ya wiki nne, na katika hizo wiki nne Namubiru alipata woga mpya ambao hakuutegemea. Alitambua kwamba hajui sura ya mtoto wake. Picha aliyonayo ni ya mtoto wa miaka minne aliyekasirikia jua. Je, akipita mbele yake asimtambue? Je, mtoto aone kwamba mama hamtambui?

Wanachama wa klabu walichanga tiketi. Mtoto akasafiri peke yake kutoka Nairobi, mikononi mwa wahudumu wa ndege. Uwanja wa Arlanda walimsubiri wanne: Namubiru, Domina, Severin, na mwanachama mmoja aliyewaleta kwa gari. Mlango wa abiria ulifunguka na kujifunga, ukafunguka na kujifunga. Domina anasema mkono wa rafiki yake ulikuwa wa baridi kama samaki.

Kisha akatoka mhudumu wa ndege ameongozana na msichana mrefu, mrefu kuliko mama yake, sweta la kuazima, macho chini. Uso ule Namubiru hakuujua. Alisogea hatua moja, akasita. Shingoni mwa msichana kulikuwa na kamba, na kwenye kamba kibandiko cha karatasi nene, kama yanavyofanya mashirika ya ndege kwa watoto wanaosafiri peke yao. Namubiru aliinama akakisoma. Ndipo alipopiga magoti.

Severin alikuwa amesimama kando akifuta miwani ambayo haikuwa na uchafu.

Msichana anaanza shule Vårby gård mwezi Agosti. Namubiru ana hakika kwamba Krismasi haitafika kabla hajaanza kujibiwa Kiswidi, na anasema mwache ajibu kwa lugha yoyote. Anataka kuomba saa zaidi za kazi ili amtolee mama yake makaratasi, iwapo miguu ile itabadili nia. Bado mlango ukifunguka mkono unasita. Anadhani hilo halitamtoka, naye hajali tena. Kile kibandiko mtoto alikataa kukivua siku mbili nzima, mpaka mama alipokiomba. Sasa kimo kwenye droo ya mwisho, chini ya taulo. Kibiriti kimehamishiwa kabati la juu.

Mapatano yetu ya Januari yalikuwa na sharti moja zaidi ambalo hatukulisema mwanzoni. Habari hii ingekaa kwenye kabati la chumba cha habari mpaka mtoto afike, na kama asingefika, isingechapwa kamwe. Jumatatu iliyopita simu ya ofisi yetu ililia kutoka mbali. Namubiru aliuliza kama zile kurasa bado zipo. Akaambiwa zipo.

"Basi andikeni jina lake," alisema. "Anaitwa Jovia."